Maji Ndiyo Ramani

Kwa miaka 26 niliendesha lori kati ya Nyeri na Mombasa. Nilishuka na kabichi na viazi, nikapanda na mbolea. Nilijiona mwenyeji wa barabara ile: nilijua mizani zake, vizuizi vyake, na vibanda vinavyouza chai saa nane za usiku. Lakini mtu angeniuliza wapi kuna kisima, nisingekuwa na jibu. Dereva hahitaji kujua. Maji yako kwenye chupa, karibu na gia.

Julai iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 63, nilifunga mlango wangu hapa Mweiga na kushika njia ya Mombasa kwa miguu. Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ilikuwa imejifunika ukungu wa msimu, na baridi ilinifanya nitembee upesi kuliko nilivyokusudia. Mgongoni nilikuwa na blanketi, soksi jozi nne, chumvi, na mtungi wa lita tano.

Siku nane za kwanza, hadi Nairobi, mtungi ule ulikuwa mzigo wa bure. Huku kwetu ni nchi ya Chania, Ragati, Sagana na Thika, mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kila bonde lina kijito, kila boma lina mfereji. Mtu wa Nyeri huona maji kama anavyoona hewa. Nilifika Athi River nikiwa na mawazo hayohayo, na hapo ndipo safari yangu ilipoanza kunifundisha.

Mbele ya hapo maji ni haba, jambo walilolijua vyema walionitangulia. Kabla ya reli, njia ya kutoka pwani kwenda bara ilikuwa ya misafara. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha kilo 30: nguo, ushanga na nyaya za kwenda bara, au pembe za ndovu za kurudi pwani. Mbele alitangulia kirongozi, na ujuzi wake mkubwa ulikuwa kujua maji yalipo. Kambi ilipigwa penye maji. Pale ambapo kisima kilikuwa mbali mno kwa mwendo wa asubuhi moja, walifanya terekeza: walikunywa na kujaza vibuyu mchana, wakatembea jioni, wakalala pakavu, kisha wakaondoka alfajiri ili wafike kwenye maji kabla jua halijawa kali.

Joseph Thomson, Mskoti aliyetoka Mombasa mwaka 1883, alivuka nyika ya Taru kwa kutegemea ngurunga, yaani mashimo ya miambani yanayohifadhi maji ya mvua. Safari hiyo ilimfikisha hadi nchi yetu, akaiita milima ya Nyandarua kwa jina la Lord Aberdare, mkuu wa chama cha kijiografia cha London, ambaye hakuwa ameikanyaga. Jina hilo limebaki kwenye ramani. La Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani aliyeandamana naye na aliyezijua njia zile, halikupewa hata kilima. Kila nikitazama milima ile kutoka shambani kwangu, jambo hilo huniuma.

Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, nayo ilikuwa na kiu. Injini za mvuke hunywa maji, kwa hiyo stesheni nyingi zilifuata mito na chemchemi, na miji ikaota hapo. Kibwezi ina chemchemi. Jina la Makindu limetokana na mikindu, miti ipendayo kukaa penye maji. Nikiwa kwenye lori, majina hayo yalikuwa vibao tu. Nikiwa kwa miguu, yalikuwa ahadi.

Nilitembea kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne, nikapumzika kivulini, nikaendelea kuanzia saa kumi jioni hadi magharibi. Kilomita 22 kwa siku zilinitosha. Ukambani nilikunywa lita tano kwa siku na bado nikawa na kiu. Karibu na Emali, mama mmoja aliyekuwa akiswaga punda wenye mitungi ya manjano alinijazia mtungi wangu. Nilipotoa pesa, alikasirika. "Mzee, maji ya msafiri hayauzwi," akasema, naye alikuwa ametoka mbali kuyachota.

Makindu nililala kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, enzi za reli. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, huvua viatu, hufunika kichwa, hupewa chapati, dengu na chai bila malipo. Nilikuwa nimepita mbele ya lango lile mamia ya mara.

Kutoka Mtito Andei hadi Voi nilipanda matatu. Barabara hapo inapita katikati ya mbuga ya Tsavo, yenye simba na ndovu, na namwomba kila atakayefuata nyayo zangu afanye vivyo hivyo. Ujasiri wa kumwachia mkeo matanga si ujasiri.

Baada ya Voi ilibaki Taru. Maungu nilijaza mtungi saa tisa, nikafanya terekeza yangu, nikalala nyuma ya kibanda cha fundi wa magurudumu. Siku iliyofuata nilifika Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, mnyapara wa wajenzi wa reli aliyetoka Punjab. Husimuliwa kwamba karai la mawe lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva wengi husimama pale kuomba salama. Nami, Mpresbiteri, nilisimama miaka yote. Safari hii nilisimama kwa ajili ya bomba lake la maji, na shukrani yangu ilikuwa kubwa zaidi.

Siku ya 30 nilivuka daraja la Makupa na kuingia Mombasa. Bahari ilikuwa pande zote, nami nilikuwa na kiu. Kijana mmoja alipita na mkokoteni wa mitungi, nikanunua kikombe.

"Maji haya yametoka wapi, kijana wangu?"

"Mzima, babu."

Mzima ni chemchemi ndani ya Tsavo. Mvua huanguka kwenye vilima vya Chyulu, huzama kwenye mawe ya volkano, huibukia Mzima, na tangu miaka ya 1950 bomba huleta maji hayo Mombasa kwa kupitia nyika ileile ya misafara. Sehemu ya njia niliyoipita nimeketi ndani ya matatu, maji yale yalikuwa yameipita ndani ya bomba. Nilikunywa polepole, nikaomba kikombe cha pili.