Tuchore Maji Yetu Ukutani

Mwambie kijana wa Kilimanjaro achore mahali maji yanapotoka. Huenda akachora kilele cheupe, na mto ukishuka kutoka kwenye barafu. Picha hiyo inapendeza, lakini haitoshi.

Ni kweli barafu ya Kilimanjaro inapungua. Tuseme mwaka 1912 eneo lake lilikuwa sehemu 100. Mwaka 2011 zilibaki sehemu 15 hivi. Hali ya hewa imebadilika. Lakini maji mengi ya vijiji vya mlimani hayatoki kwenye barafu. Yanatoka msituni.

Mvua nyingi ya mlima huo hunyesha msituni, si kileleni. Tena miti hunasa ukungu. Ukungu huwa matone, na matone hudondoka chini. Maji huzama ardhini, kisha hutokea kwenye chemchemi. Kutoka huko wazee walichimba mifongo, yaani mifereji ya kupeleka maji kwenye migomba na kahawa. Msitu ukiungua, hakuna cha kunasa ukungu. Moto uliwaka mlimani mwezi Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa jembe wala kwa panga. Moto tunaweza kuuzuia.

Ndugu msomaji, jambo hili linafaa kuchorwa na vijana wa kijiji, kwenye ukuta ambao kila mtu anaupita. Ukuta wa shule unafaa, au wa ofisi ya kijiji. Ombeni ruhusa kwanza. Chagueni ukuta wenye paa lililotokeza, ili mvua isioshe picha.

Kabla ya kushika brashi, vijana waende kwenye chemchemi pamoja na wazee. Waulize: Zamani maji yalifika wapi? Miti gani ilikuwa hapa? Nani alikata, na kwa nini? Hapo patakuwa na maneno, maana mwenye shamba kando ya maji naye atakuwepo. Msimkimbie. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Pimeni mita hizo kwa kamba, mbele ya watu wote. Kisha mzichore.

Rangi si lazima zote zinunuliwe. Chokaa hutoa nyeupe. Udongo mwekundu uliochekechwa hutoa nyekundu. Mkaa uliosagwa hutoa nyeusi. Bluu ya kufulia nguo, ikichanganywa na chokaa, hutoa rangi ya maji. Angalieni chokaa isiingie machoni, kwani inaunguza. Watoto wadogo wasiikoroge.

Choreni msitu uwe mkubwa kuliko kilele. Choreni chemchemi yenu wenyewe, na mfongo wenu, kwa jina lake. Anayejua kuandika aliandike.

Chini ya picha acheni nafasi nyeupe. Kila mwaka, mwezi Septemba, wakati wa kiangazi, pelekeni ndoo moja ya lita 20 kwenye chemchemi. Hesabuni inajaa kwa dakika ngapi. Andikeni mwaka na dakika hizo ukutani. Mwaka unaofuata tumieni ndoo ileile, mahali palepale, na mwandike tena chini yake.