Kitabu cha madeni cha muzee Yeo

Bandugu wachimbaji, na nyinyi bamama munaojua vizuri kitabu cha deni cha magazini, leo tunawaletea habari ya watu wa mbali. Ni jamaa moja ya wajenga-merikebu kwenye kisanga cha Prince Edward Island, upande wa mashariki wa Kanada. Kule hakuna shimo la shaba. Kuko udongo mwekundu, viazi, na zamani kulikuwa pori kubwa la miti. Lakini sisi wa sendika tulipoipata habari yao, tuliifahamu mara moja, bila mufasiri.

Mambo yalianzia Uingereza, kwenye muji wa Bideford. Pale alikaa tajiri mumoja, Thomas Burnard, mwenye kuuzisha mbao na merikebu. Juu ya vita vya Napoléon, mbao za Ulaya ya kaskazini zilikuwa hazifiki vizuri, tena serikali ya Uingereza iliziwekea kodi kali, ili mbao za makoloni yake zipate soko. Mwaka 1818 Burnard akatuma merikebu Peter & Sarah na mafundi waende kujenga kwenye kisanga. Kati yao alikuwa William Ellis, fundi mukubwa, mutu wa kuangalia muti umesimama porini na kujua utatoa ubavu gani wa merikebu. Mukumbuke jina lile.

Kisha kidogo akafika James Yeo. Huyu hakuwa fundi. Kwao Kilkhampton, katika Cornwall, alikuwa mubeba-mizigo kwa farasi na gari. Bibi wake wa kwanza akakufa, pombe ikamushika, kazi ikaanguka. Akaoa tena, akavuka bahari na bibi wa pili, Damaris, kutafuta maisha. Alipewa kazi ya kawaida katika kampuni ya Burnard, pahali panapoitwa leo Port Hill.

Burnard alipokufa, kampuni ikatetemeka. Lakini kampuni ikianguka, madeni hayaanguki pamoja nayo. Watu wa kisanga walikuwa wamekopa vitu magazini, na ilifaa mutu wa kuwafuata nyumba kwa nyumba. Mutu yule njo Yeo. Alijua nani amekopa nini, tena alijua nani ana ngombe, nani ana miti mizuri shambani. Asiye na falanga alilipa kwa mbao. Mbao zikawa merikebu. Kati ya miaka ya 1830 muzee alikuwa anajenga merikebu kwa jina lake mwenyewe. Watu wakamupa jina la Ledger Giant, ni kusema jitu la kitabu cha hesabu.

Tuseme vizuri namna ile ilivyotembea, sababu njo kiini cha habari. Wakati wa baridi, wakulima walikata miti na kuikokota juu ya teluji. Mafundi na vibarua walijenga pwani. Falanga taslimu zilikuwa chache sana kwenye kisanga, basi kazi yako iliandikwa kitabuni, na wewe ulichukua unga, chai, viatu, misumari, pombe. Bei ya kazi iliandikwa na Yeo. Bei ya unga iliandikwa na Yeo. Mwisho wa mwaka wengi walikuta wangali na deni. Sisi pia tulishaona baba anatoka kazini mwisho wa mwezi na karatasi ya mushahara inayoonyesha paka makato. Anafika nyumbani mikono mitupu, na mama anauliza falanga ziko wapi.

Tena kulikuwa mambo ya ardhi. Tangu 1767 kisanga kilikatwa mafungu 67, na karibu yote yakagawanyiwa wakubwa wa Uingereza kwa bahati nasibu. Mukulima alilipa kodi ya shamba alilolifyeka mwenyewe. Yeo akawa wakili wa kukusanya kodi ile, kisha akawa mwenye ardhi yeye pia. Na alipoingia katika bunge la kisanga, kura haikuwa ya siri. Mutu mwenye deni, anayekaa kwenye shamba la mwenye deni lake, atasimama mbele ya watu kumukataa? Mujijibu wenyewe.

Hatusemi muzee hakufanya kitu. Burnard alipokufa pori lile lingeweza kubaki tupu, na kazi ilibaki juu yake. Pia akili yake ya biashara ilikuwa kali. Merikebu ilijengwa kwa bei ndogo, ikapakiwa mbao, ikavuka bahari mara moja. Kule Appledore, karibu na Bideford, mwana wake William alikuwa anangojea. Anauzisha mbao, anamalizia merikebu, kisha anauzisha merikebu yenyewe. William akajenga kule kizimba cha mawe cha kutengenezea merikebu, Richmond Dock, mwaka 1856. Merikebu za jamaa ile zilipita mia moja.

Mwana mwingine, James, akajijengea nyumba kubwa Port Hill mwaka 1865, Green Park, yenye kichumba cha vioo juu ya paa. Muzee mwenyewe alikufa 1868. Baadaye chuma na moshi vikashinda mbao na tanga, na kazi ya pwani ikaisha. James na ndugu yake John walikwisha kupata njia ingine: wote wawili waliingia bunge la Kanada, na John akawa seneta. Wakulima nao walingojea sheria ya 1875, iliyoanza kuwanunua wakubwa ili mashamba yarudi kwa wenye kuyalima.

Na fundi Ellis? Mikono yake ilijua merikebu, lakini hesabu za kitabu zilimushinda. Kidogo kidogo nguvu ya pwani ikamutoka, ikaingia kwa Yeo. Akaendelea kujenga, lakini faida ilikuwa ya mwingine. Alikufa 1855.

Leo Green Park ni nyumba ya makumbusho. Wageni wanapanda hata kwenye kichumba cha vioo. Chini, pwani, wanaonyeshwa kibanda cha muhunzi, sanduku la mvuke la kulainisha mbao zikunjike, na mbavu za merikebu moja isiyomalizika.