Paja limevunjika, lakini limevunjikaje?

Tuchukue mfano. Usiku mmoja, idara ya dharura ya hospitali moja ya Likasi, nchini Kongo, inapokea vijana wawili, wote wamevunjika paja. Mmoja alikuwa juu ya pikipiki akagongwa kwenye barabara kuu, ile ya malori ya shaba na kobalti kati ya Kolwezi na Lubumbashi. Wa pili kaangukiwa na udongo shimoni. Muuguzi wa zamu, foleni ikimngoja, anaandika mara mbili: "paja kuvunjika". Daktari wa upasuaji hana neno. Anayetaka majeruhi wapungue hana la kushika.

Ndiyo maana orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, hudai misimbo miwili. S72 ni paja lililovunjika, basi. Kisa chenyewe kina msimbo wake: V20 hadi V29 kwa aliyepanda pikipiki, W20 kwa aliyeangukiwa na kitu, pamoja na aliyeporomokewa na udongo bila kukosa pumzi.

Kuandika hivyo, kompyuta si sharti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 daktari wa upasuaji Olive Kobusingye na wenzake walianza kusajili majeruhi wa Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa fomu ya ukurasa mmoja. Wakatunga na kipimo cha ukali wa majeraha, Kampala Trauma Score, chenye mambo matano tu: umri, idadi ya majeraha makubwa, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, na kama mgonjwa anajitambua. Muuguzi anakimaliza kando ya kitanda, bila picha ya eksirei. Fomu hizo zilionyesha kwamba barabara ndiyo iliyoongoza kwa kujeruhi.

Likasi, safu ngumu kuliko zote katika fomu kama hiyo ingekuwa ya mahali mtu alipoumia. Mgodi wa Shinkolobwe, si mbali na mji, ulifungwa kwa amri ya Rais Joseph Kabila Januari 2004. Julai mwaka uleule uliporomoka ukaua wachimbaji. Anayechimba palipokatazwa ana kila sababu ya kusema aliteleza nyumbani. Ningependa fomu iulize "ulikuwa unafanya kazi gani?" na jina la mgodi liachwe: jibu la kweli lisilo kamili lafaa kuliko uongo ulio kamili.

Wapo na wasiofika hospitalini kabisa, waliofia shimoni au waliopelekwa kwa mganga wa kuunga mifupa kwa kukosa fedha za matibabu. Hesabu ya fomu basi huwa pungufu siku zote. Hata hivyo, walioanguka na pikipiki katika tarafa ya Kikula, Likasi, wakiongezeka miezi miwili mfululizo, ongezeko litaonekana, ilimradi zamu ya usiku na ya mchana ziandike neno lilelile kwa jambo lilelile.