Chuma Chaipiku Kobalti Katika Betri za Magari ya Umeme

Februari 2025 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifunga mlango wa kobalti. Kwa miezi 4 usafirishaji wote ulisimamishwa, na muda huo ulipokwisha ikaongezwa miezi mingine 3. Tangu Oktoba 16 mwaka huo biashara inakwenda kwa mgawo: tani 18,125 kwa kipindi kilichobaki cha 2025, kisha tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Nchi inayochimba takriban robo tatu ya kobalti ya dunia ilikuwa imechoka kuona bei ikiporomoka hadi chini ya dola 10 kwa ratili. Hatua hiyo ilizaa matunda. Kabla mwaka haujaisha, bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili.

Kinshasa ilikuwa na kila sababu ya kuingilia kati. Kobalti ya mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga hutoka ardhini pamoja na shaba, na kwa kuwa shaba inalipa, migodi mikubwa kama Tenke Fungurume huendelea kuchimba hata wakati kobalti haina mnunuzi. Bila mkono wa serikali mzigo ungezidi kulundikana sokoni. Lakini anayelitazama soko hili kwa miaka 10 ijayo lazima aulize kama mnunuzi mwenyewe bado anaihitaji kobalti kama zamani. Jibu linatoka kwenye viwanda vya Ningde na Shenzhen nchini China, na si jibu la kuwafurahisha watu wa mji wa migodi wa Kolwezi.

Betri ya lithiamu ina pande mbili. Wakati wa kuchaji, chembe za lithiamu hutoka upande chanya, yaani kathodi, na kujipenyeza upande hasi, yaani anodi. Gari likitembea zinarudi zilikotoka. Katikati kuna utando mwembamba wa plastiki unaozuia pande hizo zisigusane. Lithiamu imo katika betri zote hizi. Kinachozitofautisha ni kile kinachoipokea lithiamu kwenye kathodi, na hapo ndipo gharama, umbali wa safari na hatari ya moto vinapoamuliwa. Sony ilipoingiza betri hizi sokoni mwaka 1991, kathodi ilikuwa ya kobalti, kwa ugunduzi wa John Goodenough alipokuwa Oxford. Yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Magari yalipokuja, watengenezaji walipunguza kobalti kwa kuichanganya na nikeli na manganizi. Mchanganyiko huo hubeba umeme mwingi katika uzito mdogo, na kwa muda mrefu Ulaya, Korea na Marekani ziliamini kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya gari la maana. Fosfati ya chuma, iliyotoka pia katika maabara ya Goodenough, safari hii Chuo Kikuu cha Texas katika miaka ya 1990, ilionekana ya kiwango cha chini. Ni nzito zaidi kwa umeme uleule na haipendi baridi kali. Faida zake ni tatu, na zote ni za mtu mwenye hesabu: malighafi yake ni rahisi kupatikana, inahimili kuchajiwa maelfu ya mara, na haishiki moto kirahisi kwa sababu oksijeni yake imefungwa imara kwenye fosfati.

Wachina waliishikilia. BYD, iliyoanzishwa na Wang Chuanfu mjini Shenzhen mwaka 1995 kama kampuni ya betri, ilikuja Machi 2020 na betri iliyoiita Blade: seli bapa zenye urefu wa karibu sentimita 96 na unene usiozidi sentimita moja na nusu, zikipangwa kwa kusimama ubavu kwa ubavu. Kwa kuondoa makasha ya kati yaliyokuwa yakila nafasi, kampuni ilifidia sehemu kubwa ya udhaifu wa fosfati bila kugusa kemia yenyewe. Ili kuonyesha usalama wake, BYD ilipiga msumari ukapenya betri za aina mbili. Ile ya nikeli ilipanda hadi zaidi ya nyuzi joto 500 na kuwaka; joto la nje la Blade halikuzidi nyuzi 60, wala haikutoa moshi. Ni jaribio la muuzaji, na muuzaji husifia chake, lakini soko lilielewa. Tesla ilikuwa tayari inaanza kufunga fosfati kwenye magari yanayotengenezwa Shanghai, kwa seli za CATL, kampuni nyingine ya China, na katika robo ya kwanza ya 2022 karibu nusu ya magari yake yote yalitoka kiwandani bila kobalti wala nikeli. Kufikia 2024, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, fosfati ya chuma ilikuwa imechukua karibu nusu ya soko la betri za magari duniani.

Bei nayo imeanguka kwa namna ambayo wachumi wachache waliitegemea. Mwaka 2010 betri ya gari iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa, ile tunayoiita uniti tunaponunua umeme. Mwaka 2024, kwa utafiti wa BloombergNEF, wastani wa dunia ulikuwa dola 115, na nchini China ulishuka chini ya dola 100. Lithiamu yenyewe ilisaidia: tani moja ya kaboneti yake iliyokaribia yuani 600,000 mwishoni mwa 2022 ilikuwa chini ya yuani 100,000 mwanzoni mwa 2024. Wachimbaji walioingia kwa mkopo wakati wa bei ya juu waliumia vibaya.

Malighafi peke yake haielezi kwa nini China inashinda. Lazima mtu aingie kiwandani. Unga wa kathodi huchanganywa na gundi na kimiminika hadi uwe uji mzito, kisha hupakwa juu ya karatasi ya aluminiamu inayokimbia kwenye mtambo. Upande wa anodi hupakwa juu ya karatasi ya shaba yenye unene wa mikroni 6 hivi, wakati unywele wa mtu una takriban 70. Upako ukizidi mahali pamoja na kupungua pengine, seli itachakaa kabla ya wakati. Chumba cha kutilia elektroliti, kimiminika ambamo chembe za lithiamu husafiri, lazima kiwe kikavu kupita jangwa lolote, kwa maana mvuke kidogo wa maji huharibu kemia ya ndani, na wafanyakazi huvaa mavazi ya kuwafunika mwili mzima. Baada ya hapo seli huchajiwa kwa mara ya kwanza taratibu, hulazwa kwa siku kadhaa na kupimwa tena. Zisizofaa hutupwa. Faida ya kiwanda imo katika idadi ya hizo zinazotupwa.

Gharama ya kasoro ndogo ilionekana mwaka 2021, pale GM ilipolazimika kuyarudisha gereji magari zaidi ya 140,000 aina ya Chevrolet Bolt. Seli zilizotengenezwa na LG zilikuwa na kasoro mbili, ncha ya anodi iliyochanika na utando uliokunjika, na zikikutana katika seli moja moto ulikuwa jambo la muda tu. LG ilikubali kufidia hadi dola bilioni 1.9.

Ulaya imelipia somo hilo kwa njia nyingine. Northvolt ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 2016 na watu waliotoka Tesla, ilikuwa na kila kitu ambacho pesa hununua: Volkswagen na Goldman Sachs kama wanahisa, umeme safi wa maji huko Skellefteå, na oda zilizojaa. Kilichokosekana ni seli nzuri zinazotoka kila siku kwa wingi ulioahidiwa. Juni 2024 BMW ilifuta oda ya euro bilioni 2. Novemba kampuni ikaomba kinga dhidi ya wadai nchini Marekani, na Machi 12, 2025 ikatangaza kufilisika Uswidi. Wengi walilaumu ruzuku za China, na ruzuku zipo kweli. Lakini CATL, iliyoanzishwa Ningde mwaka 2011 na Zeng Yuqun na ambayo sasa inatengeneza zaidi ya theluthi moja ya betri za magari duniani, imejifunza kwa kutengeneza mabilioni ya seli. Ujuzi wa namna hiyo haununuliwi pamoja na mitambo. Beijing inalijua hilo: Julai 2025 iliweka masharti ya leseni kwa kampuni yoyote inayotaka kupeleka nje teknolojia ya kutengeneza kathodi za fosfati.

Hapa ndipo mambo yanapotuhusu sisi wa Tanzania. Kwenye majukwaa ya uwekezaji madini yote ya betri husemwa kwa pumzi moja, kana kwamba yana hatima moja. Hayana. Nikeli ya Kabanga wilayani Ngara, ambako serikali ina hisa 16% katika kampuni ya Tembo Nickel, ni ya kiwango kizuri sana, lakini inaingia soko ambalo Indonesia imelijaza na ambalo fosfati inazidi kulipunguza. Kinywe, yaani grafiti, ni jambo tofauti kabisa. Iwe kathodi ni ya kobalti, ya nikeli au ya chuma, anodi yake karibu kila mara ni ya kinywe, na kwa uzito wa kilo 1 hivi kwa kila uniti ya umeme. Gari la kawaida hubeba zaidi ya kilo 50. Mahenge wilayani Ulanga, na Ruangwa mkoani Lindi, kuna kinywe cha kutosha kuiweka Tanzania katika orodha ya nchi chache ambazo wanunuzi wa Korea na Marekani wanazipigia hodi, hasa tangu Desemba 1, 2023, China ilipoanza kudai vibali kwa kinywe kinachotoka nje ya mipaka yake. Si bahati kwamba POSCO ya Korea, ambayo kampuni yake tanzu hutengeneza anodi, imeweka fedha kwenye mradi wa Mahenge.

Hata hivyo kinywe kinachotoka mgodini hakiingii kwenye betri. Baada ya kusagwa na kuoshwa kina usafi wa takriban 95%, na katika hali hiyo ndiyo husafirishwa kwenye magunia. Betri inataka 99.95%. Kati ya hapo magamba ya kinywe hufinyangwa yawe vijiduara, kazi inayopoteza karibu nusu ya mzigo kama vumbi la bei ya chini, kisha husafishwa, na China husafisha zaidi kwa asidi ya haidrofloriki, kemikali inayounguza mifupa ya anayeikosea. Baadaye vijiduara hupakwa kaboni. Zaidi ya 90% ya kazi hii hufanyika China. Anayedai tujenge kiwanda cha betri Tanzania kesho anaruka ngazi nyingi mno. Northvolt ilikuwa na mabilioni na haikuweza. Anayedai tufinyange na kusafisha kinywe chetu hapa anaomba jambo gumu lakini linalowezekana, mradi awe na jibu la wapi asidi hiyo itakwenda, au awe na njia isiyoihitaji.

Na asichelewe. Anodi nyingi za China sasa ni za kinywe cha viwandani, kinachopikwa kutoka kwenye mabaki ya petroli kwa joto la nyuzi karibu 3,000. Bei yake imeshuka hadi kukikaba koo kinywe cha asili. Silikoni nayo inabisha hodi: hubeba lithiamu mara 10 ya kinywe kwa uzito uleule, ingawa huvimba karibu mara 3 ikichajiwa na kujipasua, ndiyo maana hadi sasa huchanganywa kidogokidogo tu. Betri zenye elektroliti ngumu, ambazo Toyota inataka ziwe kwenye magari 2027 au 2028 kwa kushirikiana na Idemitsu, zinaweza kuondoa kinywe kabisa na kuweka lithiamu tupu. Maoni yangu ni kwamba zitaanza kwenye magari ya bei mbaya na kukaa huko kwa muda. Lakini Kongo nayo iliwahi kuambiwa kwamba hakuna betri bila kobalti.

Wakati huohuo betri yenyewe imeshafika mitaani kwetu, na imefika kwa njia ya chuma. Kigali tangu Januari 2025 haiandikishi tena pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya teksi. Ampersand, yenye vituo vya kubadilishia betri Rwanda na Kenya, iliingia mkataba na BYD mwaka 2024. Dereva anafika na betri iliyokwisha, anaichomoa, anachomeka iliyojaa, analipia umeme alioutumia na kuondoka. Betri si mali yake. Nairobi, kampuni ya BasiGo ilianza na mabasi ya BYD mwaka 2022 kwa mtindo unaofanana, mwenye basi akiikodi betri na kulipa kwa kilomita. Hesabu hiyo imewezekana kwa sababu fosfati huchajiwa maelfu ya mara kabla ya kuchoka. Kwa betri ya nikeli mkopo ungekuwa haujaisha wakati betri imekwisha.

Kuna deni moja ambalo bei hizi nafuu hazijalilipa. Betri yenye kobalti ikifa, mwenye karakana huigombania kwa sababu ndani yake kuna madini ya thamani. Betri ya fosfati ikifa, ndani kuna chuma, aluminiamu, shaba kidogo na lithiamu ambayo bei yake ilianguka baada ya 2022. Kuichakata mara nyingi ni hasara. Betri ya bodaboda iliyoshuka hadi 70% ya uwezo wake bado inaweza kuwasha duka au zahanati kwa sola kwa miaka mingine, lakini lazima mtu aikusanye, aifungue bila kuiunguza, apime seli moja moja na kuzipanga upya zinazolingana. Kampuni inayomiliki betri na kuikodisha inajua kila moja iko wapi na ina sababu ya kuifuata hadi mwisho. Anayeuza pikipiki pamoja na betri yake hana sababu hiyo, na wauzaji wa aina hii wanazidi kuongezeka Kariakoo na Mombasa, bila sababu ya kujiuliza nini kitafanyika siku mteja atakaporudi na kasha lililovimba.