Maneno ya Uja Uzito na Kujifungua

Mwalimu au kasisi akiitwa penye mwanamke aliye karibu na kuzaa, husikia maneno ambayo vitabu vya shule havikumfundisha. Twapenda kueleza machache kama yasemwavyo pwani, kwa kuwa asiyeyajua huweza kukosa adabu, na mara nyingine hupitwa na hatari asiitambue.

Neno la wazi ni mimba, lakini ni neno kavu. Latosha kwa ng'ombe na kwa tabibu. Mke wa mtu huitwa mja mzito. Mja ni mwenye kuja, na uzito ndio aujao nao. Miezi ya kwanza wengi hawataji neno lolote, kwa kuogopa husuda. Kichefuchefu hufichwa, ila tamaa ya ukwaju, embe mbichi au udongo humfichua. Mwenye kula udongo asichekwe. Mara nyingi damu yake imepungua, yafaa apimwe.

Katika hesabu pana fumbo dogo. Mabibi wahesabuo miandamo husema miezi tisa, nayo ni siku 266 hivi, muda wenyewe tangu mimba kutunga. Zahanati husema majuma 40, yaani siku 280, kwa kuwa huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hesabu hizi hazigombani, lakini asiyeelezwa hudhani kwamba muuguzi amekosa.

Maumivu ya kuzaa ni uchungu, neno lile lile la dawa kali na la moyo wenye msiba. Biblia ya Union Version ya 1952 yatumia utungu, umbo la Kimvita, ambako ch ya Kiunguja mara nyingi huwa t, kama macho na mato. Ndivyo ilivyo katika kitinda mimba, mtoto wa mwisho: kutinda ni kuchinja, yaani mtoto huyo amekata uzazi. Wa kwanza ni kifungua mimba. Na mama hujifungua. Kwa neno hili mtendaji ni yeye mwenyewe, mkunga ni mpokeaji tu. Twaliona neno hili kuwa zuri kupita yote.

Katika nyumba nyingi husifiwa mwanamke asiyepiga kelele. Ushujaa huo twauheshimu, lakini una hasara yake. Aliyefundishwa kunyamaza wakati wa uchungu hunyamaza pia kichwa kimwumapo mno, macho yaonapo giza, uso na mikono ivimbapo. Dalili hizo hutangulia kifafa cha mimba. Jina lenyewe lapoteza watu: wasikiapo kifafa hufikiri pepo, wakamwita mganga, au wakatuita sisi tuje kuomba. Asili ya ugonjwa huu i katika kondo la nyuma, nao huja pamoja na kupanda kwa shinikizo la damu. Pana sindano ya magneziamu salfeti, ambayo majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa nusu hivi. Kwa hiyo tukiitwa, gari litafutwe kwanza. Sala yaweza kusemwa njiani.

Akiisha kujifungua huitwa mzazi. Siku hizi neno hili ni la baba na mama wote wawili, lakini kwa maana ya zamani ni mwanamke aliyetoka kuzaa. Hukaa ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Desturi za uzazi zimeandikwa katika Desturi za Wasuaheli, kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903.

Jambo moja husahauliwa. Wageni huleta hongera, naye mzazi hulia. Nao humwona mtovu wa shukrani. Kilio cha siku za kwanza ni cha kawaida, nacho hupita. Kikizidi majuma mawili, au akisema hamtaki mtoto, au kwamba heri afe, hiyo ni sonona, ugonjwa wenye matibabu. Atolewe ndani apelekwe kwa tabibu, ijapokuwa arobaini haijatimia.