Mbolea ya samaki isiyokera majirani

Kwa familia za kando ya Ziwa Victoria, kama Mwanza na Kisumu, vichwa na matumbo ya samaki ni mbolea ya bure. Yana naitrojeni na fosforasi, vinavyostawisha mchicha na sukuma wiki. Tatizo ni uvundo. Mbali na kuudhi majirani, huvuta nzi, ambao hubeba vimelea vya kuhara hadi kwenye chakula cha watoto.

Uvundo hutokea bakteria wanapoozesha protini na kutoa gesi kama amonia. Manukato hayausaidii, dawa ni kuchachusha.

Katakata mabaki, uchanganye na molasi ya uzito sawa kwenye ndoo yenye mfuniko. Sukari hulisha bakteria wanaochachusha, mchanganyiko unakuwa mchachu na wale waozeshaji hushindwa kuzaliana. Usikaze mfuniko, kwani gesi ikijaa ndoo inaweza kupasuka. Ukisikia harufu ya mzoga, ongeza molasi. Chuja baada ya wiki kadhaa.

Wakati wa kutumia, weka vijiko 2 vya chai katika lita 10 za maji. Mwagia kwenye udongo jioni, si kwenye majani yanayokaribia kuvunwa, kisha tandaza nyasi kavu.

Huna molasi? Fukia mabaki mabichi siku hiyohiyo, kina cha sentimita 30 au zaidi, na uweke jiwe juu ili mbwa wasifukue.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mtoto.