Ulezi, Hedhi na Kupishanisha Watoto katika Delta ya Rufiji

Katika maandishi mengi ya kitabibu kuhusu pwani ya Tanzania, desturi ya mwanamke kukaa mbali na mumewe wakati wa kunyonyesha hutajwa kwa maneno mawili tu, imani potofu, kisha mwandishi huendelea na mambo anayoyaona kuwa mazito zaidi. Hukumu hiyo haiwatendei haki Wandengereko, Wanyagatwa, Wamatumbi na jamaa zao walioishi vizazi vingi katika bonde na delta ya Mto Rufiji, tangu Utete na Ikwiriri hadi vijiji vya mikokoni vya Salale, Maparoni, Msala na Kiongoroni, ambavyo leo vimo katika Wilaya ya Kibiti. Kinachobezwa kilikuwa sehemu moja tu ya utaratibu mzima wa ulezi, yaani kipindi cha kunyonyesha na kumkuza mtoto mpaka aache ziwa, na utaratibu huo ulikuwa na wasimamizi wake, vyakula vyake, muda wake, na mafunzo yake kuhusu wakati ambao mwili wa mwanamke hurudi katika hali ya kushika mimba.

Ulezi ulianza na arobaini. Mwanamke aliyejifungua, ambaye watu wa pwani humwita mzazi, hasa akiwa ni wa uzazi wa kwanza, alirudi kwao ili atunzwe na mama yake, na huko hakushika jembe, hakuteka maji wala hakuingia jikoni. Asubuhi na jioni alikandwa: mama, shangazi au mkunga alichovya kitambaa katika maji yaliyotoka kuchemka, akakikamua, akakibandika juu ya tumbo, kiunoni na mapajani, akakiinua kabla hakijapoa na kukichovya tena, huku mzazi akiuma meno kwa sababu maji yasiyochoma yalihesabiwa kuwa hayana kazi. Baada ya kukandwa alifungwa mkaja, kitambaa kirefu kinachozungushwa tumboni mara kadhaa na kukazwa ili tumbo lirudi na mgongo upate nguvu. Heshima ya mkaja ilikuwa kubwa kiasi kwamba jina lake liliingia hata katika malipo ya ndoa, kwa kuwa bwana harusi hutoa mkaja kwa mama wa bibi harusi, kutambua tumbo lililomzaa na mikono iliyomlea. Chakula cha mzazi kilikuwa uji wa mchele uliotiwa pilipili manga, supu ya kuku, na mchuzi wa samaki, vitu vilivyoaminiwa kuleta maziwa na kusafisha damu iliyobaki. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake yalichapishwa mwaka 1903 katika kitabu Desturi za Wasuaheli, aliziona mila za uzazi za pwani kuwa jambo la kuandikwa kwa makini, na aliziandika kama mwenyeji anayezijua, bila kuziomba radhi.

Damu inayomtoka mwanamke baada ya kuzaa, ambayo katika fikihi huitwa nifasi, ndiyo iliyoipa arobaini mpaka wake. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, nifasi kwa kawaida huchukua siku 40, na ukomo wake ni siku 60. Ikikatika, mwanamke huoga josho, hurudi kwenye swala, na sheria haimzuii tena kukutana na mumewe. Hapo ndipo desturi ya wenyeji ilipoongeza zuio lake. Wazee wa kike waliendelea kumweka mzazi mbali na unyumba mpaka mtoto asimame na kutembea, na wengine mpaka aache ziwa, jambo ambalo kwa wanaofuata muda kamili uliotajwa katika Sura al-Baqara, aya ya 233, lilimaanisha miaka miwili. Walioivunja miiko hiyo waliambiwa kwamba watambemenda mtoto, yaani watamdhoofisha kwa kukutana kimwili angali ananyonya, hata ahare, akonde, na miguu ikatae kumbeba.

Ni kweli kwamba manii hayaharibu maziwa, na wanazuoni hawakungoja hospitali ili kulijua hilo, kwa maana ipo hadithi katika mkusanyiko wa Muslim inayoeleza kuwa Mtume alikaribia kukataza kukutana na mke anayenyonyesha, kisha akaacha baada ya kuona kwamba Warumi na Waajemi hufanya hivyo bila watoto wao kudhurika. Lakini anayesimama hapo anakosa kiini cha jambo. Mtoto aliyekuwa akidhoofika machoni pa bibi yake alikuwa mara nyingi yule ambaye mama yake alishika mimba nyingine mapema, akakatishwa ziwa ghafla, akapewa uji mtupu wa muhogo, na huyo alidhoofika kweli. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, katika miaka ya 1930, aliueleza utapiamlo wa aina hiyo uliowapata watoto walioachishwa ziwa na kulishwa chakula kisicho na protini ya kutosha. Bibi wa Rufiji aliuona ugonjwa uleule na akajua kwamba unafuata mimba iliyowahi. Alichokosea ni njia ambayo madhara yalipitia.

Ujuzi wa wanawake hao kuhusu hedhi ulikuwa wa kina zaidi. Msichana aliyevunja ungo, yaani aliyepata hedhi ya kwanza, alifundwa na somo wake katika unyago kuhesabu siku zake, kujitunza na kumfahamisha mume kwa ishara, na alipozaa, somo huyo huyo au bibi yake alimuuliza bila haya kama ameona siku. Walijua kwamba mwanamke anayenyonyesha usiku na mchana hukaa miezi mingi bila kuingia mwezini, na sayansi imeeleza sababu: mtoto anaponyonya, mwili hutoa homoni ya prolaktini inayotengeneza maziwa, na unyonyaji wa mara kwa mara huzuia ubongo kutuma ishara zinazoliivisha yai. Jambo la maana ni wingi wa kunyonya, hasa usiku, kuliko idadi ya miezi peke yake. Utafiti wa Melvin Konner na Carol Worthman, uliochapishwa mwaka 1980, kuhusu Wasan wa Kalahari ambao watoto wao walikuwa wakinyonya mara kadhaa kwa saa, ulihusisha unyonyaji huo na nafasi ya zaidi ya miezi 40 kati ya uzazi na uzazi. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba mama anayenyonyesha maziwa yake tu, au karibu maziwa tu, ambaye hajaona hedhi na ambaye mtoto wake hajatimiza miezi sita, ana kinga ya mimba ya asilimia 98 au zaidi.

Palipokuwa na upungufu ni katika kuichukua hedhi kama mlango wa mimba. Wengi walidhani kwamba mwanamke asiyeona siku hawezi kushika mimba, ilhali yai hutangulia na damu hufuata takriban wiki mbili baadaye, kwa hiyo yupo anayebeba mimba ya pili bila kuona hedhi hata mara moja tangu azae. Kwa asiyenyonyesha kabisa, yai linaweza kupevuka hata kabla arobaini haijaisha. Kosa hilo halikuleta hasara kubwa zamani kwa sababu mzazi alikuwa bado kwao, na mwiko wa kubemenda ulisimama pale ambapo elimu ya yai haikuwepo.

Watawala wa kikoloni hawakuyaona hayo. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameonyesha jinsi madaktari, wamisionari na waajiri katika Kongo ya Wabelgiji, kwa hofu ya kupungukiwa na watu wa kufanya kazi, walivyojitahidi kufupisha kunyonyesha na kuvunja miiko ya kutokukutana ili wanawake wazae upesi. Ajabu ni kwamba baada ya miongo kadhaa, mwaka 2005, wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza wazazi wangoje angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kutafuta mimba nyingine, muda ambao mabibi wa mikokoni waliulinda bila semina.

Katika Rufiji utaratibu huo haukuvunjwa kwa mahubiri, ulivunjwa na mabadiliko ya makazi na kazi. Zamani, msimu wa mpunga ulipofika, mwanamke alihamia bondeni na wanawe, akalala katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, akilinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, na mtoto alinyonya usiku kucha ubavuni mwake huku mume akiwa kwenye uvuvi au kukata miti ya mikoko. Kuanzia mwaka 1968, baada ya mafuriko, serikali iliwahamishia watu kwenye vijiji vya nyanda za juu, mashamba yakabaki kulekule mtoni, na mama aliyelazimika kutembea mbali alimwachia bibi mtoto na kikombe cha uji. Anayejua kazi ya prolaktini hahitaji kuelezwa kwamba saa nyingi bila kunyonya huirudisha hedhi mapema.

Kilichobaki sasa ni lawama. Mzazi hujifungua hospitali, hurudi kwenye chumba cha kupanga Kibiti au Bungu baada ya siku moja au mbili, hana wa kumkanda wala wa kumfunga mkaja, hana nyumba ya mama yake ya kukimbilia, lakini mtoto akikonda majirani husema amebemendwa, na anayenyooshewa kidole ni yeye, si mume aliyedai unyumba. Mwiko ulioondolewa katika ulinzi wa wanawake wazima umegeuka kuwa fimbo ya kumpigia mama mchanga, na huo ndio upotofu wa kweli katika habari hii yote.

Sindano ya uzazi wa mpango, ambayo wengi huikimbilia, imekutana na mafunzo yaleyale ya zamani na kuleta hofu. Sindano ya miezi mitatu huvuruga hedhi mwanzoni, kisha kwa wanawake wengi huikatisha, na baada ya kuiacha mimba huweza kuchelewa miezi mingi. Mwanamke aliyefundwa kusoma afya yake katika damu husema damu imemjaa tumboni, na matone yasiyo na mpangilio humtia shaka kuhusu swala na funga, ingawa fikihi inayajua kwa jina la istihadha, damu ya ugonjwa isiyozuia ibada. Kumjibu kwamba hayo ni madogo ni kumdharau. Anastahili kuambiwa kwamba ukuta wa mji wa mimba hubaki mwembamba, hivyo hakuna damu inayokusanyika, na aambiwe mbele ya mama yake, kwa sababu ndiye atakayeulizwa nyumbani.

Mwongozo wa afya nchini humtaka mzazi arudi kliniki siku ya 7, ya 28 na ya 42, na siku ya mwisho inakaribiana na kutoka arobaini, wakati ambao bibi, somo na mume wote bado wanamwangalia mzazi. Muuguzi wa zahanati ya delta anayemwita mwanamke peke yake chumbani, akamwacha bibi kwenye benchi na mume kwenye mtumbwi akingoja maji yajae, anamfundisha mtu mmoja jambo ambalo nyumbani litaamuliwa na watu watatu.